Wadau wa Iringa, Makete, Tukuyu na Kyela: wamama tunataka kuona kijiji chenyewe, sio shoo

mama_kibubu

Habari zenu wadau. Sisi ni wamama nane wa kikoba hapa Dodoma, kila mwaka tukivunja kibubu tunagawana halafu kuna kahela kadogo tunakabakiza ka kutembea. Zanzibar tumeenda, Arusha tumeenda, safari hii wengi wamesema nyanda za juu kusini maana karibu nusu yetu hawajawahi kupita Iringa mjini.

Sasa tatizo letu ni moja. Hatutaki ile ya kukalishwa kwenye viti vya plastiki mnachezewa ngoma dakika ishirini na watu waliovalishwa kaniki mpya, ikiisha mnaletewa vinyago vya soko la Mwenge, Dar, mnaambiwa ndio asili ya hapa. Tunataka tukae jikoni na wamama wenzetu, tule wanachokula wao siku hiyo, tuone kikapu kinaanzwaje na chungu kinafinyangwaje, ikiwezekana tushike wenyewe tuharibu watucheke. Kulala popote pasafi tunalala.

Naomba kujua twende mwezi gani, tuanzie wapi, na huwa mnawapaje hela watu wa kijijini bila kuonekana mnawadharau au mnajifanya matajiri. Usafiri tutakodi Hiace. Ndani ya kundi tuna walokole wawili na tuna mwingine mmoja anayeipenda pombe ya kienyeji kuliko sisi wote tukijumlishwa, kwa hiyo mshauri mkijua hilo.

mnyalu_og

Kamwene dada. Anzieni Iringa kwa sababu mko Dodoma, mnashuka tu kwa njia ya Mtera lami mpaka mjini, kama kilomita 260 hivi, mnafika mchana mkiwa bado na nguvu.

Vikapu vyetu vinasukwa kwa milulu, ni majani yanaota kwenye mabonde yenye maji, wamama wanakwenda kuyakata, wanayaanika mpaka yakauke ndio wanaanza kusuka. Mtakapokaa na msusi angalieni kitako, maana kikapu chote kiko pale, kitako kikikaa vibaya hata ukisuka vizuri huko juu kitayumba tu ukikiweka chini. Mama akikwambia fumua, fumua, usibishane. Siku hizi wengi wanachanganya rangi na wengine wanatia mikanda ya plastiki kwa sababu mjini inauzika, mimi sipendi lakini siwezi kumpangia mtu anayesomesha watoto kwa vikapu. Kile cha milulu mitupu kikikaa miaka kinageuka rangi ya asali na hapo ndio kinakuwa kizuri.

Mkiwa mjini piteni Neema Crafts, hiyo ilianzishwa 2003 na kanisa la Anglikana, wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, wanafuma, wanashona, na mkahawani wahudumu ni viziwi mnaagiza kwa ishara. Sio kijiji ila mtaona mikono inavyofanya kazi na vitu viko vya bei zake zimeandikwa, hakuna kubishana. Halafu Kalenga hapo karibu kuna makumbusho ya Mkwawa, yule chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, fuvu lake liko pale, lilirudishwa 1954 kutoka Ujerumani. Msiende kama mnakwenda kuona ajabu. Kwa sisi yule ni babu, mnavua kofia na mnaongea taratibu.

Sasa huyo dada yenu wa pombe. Mwambieni ulanzi una msimu wake, ni mvua. Mgema anakata ncha ya chipukizi la mwanzi likiwa bichi, anafunga mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia, kila asubuhi na jioni anarudi kupunguza kidogo pale pa kidonda ili utomvu uendelee kudondoka. Ukiunywa umetoka tu mlanzini ni mtamu kama juisi hata hao walokole watakunywa wakiomba na wa kubeba. Ukikaa mpaka kesho yake unaitwa mkangafu na hapo heshima inaanza kupungua. Kuanzia Januari mpaka Aprili ndio unamwagika, mwezi wa sita mtaupata kwa shida. Na kama mtabeba dumu kwenye gari msikaze kifuniko jamani, unaendelea kuchacha njiani na dumu linavimba, likipasuka Hiace nzima itanuka kilabu mpaka Dodoma.

msemakweli77

Mimi nitaharibu mada kidogo mnisamehe. Utamaduni gani mnaoutafuta? Huko vijijini watu wanaangalia tamthilia za Kituruki kama nyie, wanapikia sufuria, vijana wana bodaboda na simu kubwa kuliko zenu. Mnachokwenda kufanya ni kugeuza umaskini wa watu kuwa maonyesho, mkirudi mnaweka picha mmejifunga kitenge mmebeba mtungi kichwani "tumerudi asili". Bakini Dodoma mkasuke ukili.

wa_matema

@msemakweli77 kaka sufuria zipo na vyungu vipo, vyote viko jiko moja, huo ndio utamaduni wenyewe, hakuna aliyekwambia utamaduni lazima uwe umekufa ndio uitwe utamaduni. Wali unapikwa kwenye sufuria, maharage yanapikwa kwenye chungu kwa sababu yanaiva vizuri na hayapoi haraka. Mama anaangalia tamthilia huku anachambua maharage. Shida iko wapi.

Dada mama_kibubu, njoo nikwambie kuhusu vyungu, mengine watakwambia wenzangu. Wafinyanzi wa huku ni Wakisi, wamama wa pembezoni mwa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, upande wa Ikombe. Milima imeshuka mpaka majini, Ikombe hamfiki na Hiace, ni mtumbwi au miguu kwa kufuata ufukwe. Hawatumii mashine ya kuzungusha, wanaweka donge la udongo kwenye kitu kama sahani ya udongo, mkono mmoja unazungusha mwingine unapandisha ukuta wa chungu, na ukimtazama mtu aliyeanza tangu mtoto hutaamini macho yako maana duara linatoka kama limepimwa. Kikishakauka kivulini ndio kinachomwa nje kwa kuni na nyasi, hakuna tanuri. Vingine vinapambwa kwa udongo mweupe na mwekundu.

Sasa hapa ndio namjibu na huyo kaka. Wale wamama hawafinyangi ili mje mpige picha. Wanafinyanga kwa sababu Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, hapo hapo karibu na Matema, mitumbwi inakuja imepakia vyungu mpaka juu, wanunuzi wa jumla wanatoka Kyela na Mbeya wanavipakia kwenye magari. Mkiwa hapo Jumamosi asubuhi mtaona kila kitu bila kumwambia mtu yeyote "tuonyesheni". Mkifika Jumatano mtaanza kuomba watu waache kilimo wawafinyangie, hapo sasa ndio inakuwa ile shoo mliyoikimbia. Kwa hiyo pangeni safari nzima kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Jumamosi ya Matema, mengine yote yatajipanga.

Kula: samaki mbasa wa kuchoma, usipa ambao ni dagaa wa huku, na wali wa Kyela. Ukila wali ule harufu yake inaanza kukufikia kabla sahani haijatua. Kulala Matema zipo nyumba za wageni ufukweni za kila mfuko. Vyandarua msivikwepe, huku chini sio baridi kama huko milimani na mbu wapo wa kutosha.

msemakweli77

Sawa hapo kwenye soko nimekuelewa. Lakini za mtungi kichwani zitapigwa tu, nawajua wamama.

mama_kibubu

@msemakweli77 mtungi kichwani nitapiga na nitakutag 😂

@wa_matema asante sana dada, hili la Jumamosi limenifungua kichwa, sisi tulikuwa tumepanga wikiendi tuwe Iringa. Sasa swali, tukitoka Iringa kwenda huko tupite wapi ili tusione lami tu na malori ya Tunduma njia nzima? Na ile ya mwezi bado hamjanijibu, mmoja anasema mvua, ila mvua na Hiace mnajua wenyewe.

mkinga_wa_kariakoo

Njia ninayo mimi. Msinyooshe moja kwa moja Mbeya. Mkifika Makambako kateni kwenda Njombe, kutoka Njombe pandeni Makete, siku hizi lami. Kutoka Makete mnaingia uwanda wa Kitulo halafu mnashukia Isyonje mnatokea barabara ya Tukuyu. Hicho kipande cha Kitulo kwenda Isyonje ni vumbi wakati wa kiangazi na ni tope la maana wakati wa mvua, Hiace ya tairi zilizoisha msijaribu. Kuna na ile ya Matamba kushukia Chimala, wenyewe tunaiita Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake, dereva wenu kama ni wa Dodoma amezoea tambarare mwambieni mapema asije akashuka akawaacha juu.

Kwetu Ukinga hakuna mtu atakayewachezea ngoma, watu wana kazi. Kuna viazi mviringo, ngano, njegere, maapulo, na kuna baridi. Kitulo iko juu mita 2,600 hivi, Juni na Julai mnaamka nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Sweta moja halitoshi, narudia, sweta moja halitoshi, na ndala acheni Dodoma. Jioni watu wote wako jikoni kwenye moto kwa hiyo lile ombi lenu la kukaa jikoni huku halina haja ya kuombwa, hamtakuwa na pengine pa kukaa. Viazi vinachemshwa na maganda vinamwagwa kwenye ungo katikati, kila mtu anamenya chake anachovya chumvi na pilipili, na hadithi. Zamani wazee wetu walikuwa wafua chuma, majembe ya Wanyakyusa yalikuwa yanatoka kwetu, mkikuta mzee anayezijua hizo habari mkalisheni karibu na moto mumpe chai asimulie, mtasahau kulala.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua, maua yenyewe ni Desemba mpaka Aprili. Kuna aina nyingi za okidi na mizizi yake ndiyo inayochimbwa kwenda kutengenezewa chakula kinaitwa chikanda Zambia. Mtu akiwauzia hiyo mizizi njiani akawaambia ni chakula cha asili onjeni, msinunue, vikizidi kung'olewa vinaisha.

Kuhusu mwezi mimi nasema hivi. Mkitaka ulanzi na maua njooni Februari au Machi mkubali tope, na mkubali kwamba wamama wengi watakuwa shambani, mtamkuta bibi na wajukuu tu. Mkitaka watu wenye nafasi ya kukaa na kusuka na kufinyanga njooni kuanzia Juni mavuno yakiisha. Vyote viwili kwa pamoja havipatikani.

mnyalu_og

Naunga mkono. Hata kusuka kwetu kunachangamka kazi za shamba zikipungua. Na huyo dada wa pombe asilie, komoni, pombe yetu ya nafaka, ipo mwaka mzima.

mwana_wa_rungwe

Aisee mmemaliza bila Tukuyu kuguswa nimeumia. Mugonile nyote.

Dada, kabla ya Matema mlale Tukuyu. Kutoka Mbeya mjini ni kama kilomita 70, lakini kwa njia ya huyo Mkinga mnatokea juu yake mnashuka tu. Huku ni kijani mwaka mzima, mvua zetu ni kati ya nyingi kuliko sehemu zote za nchi hii, kwa hiyo hata mkija Juni miavuli mbebe msije mkasema hamkuambiwa. Nyumba ya Mnyakyusa inajulikana kwa migomba iliyoizunguka na uwanja uliofagiliwa mpaka unaona aibu kukanyaga. Chakula ni ndizi. Ndizi kwa maharage, ndizi kwa nyama, ndizi za kuchoma na chai ya maziwa asubuhi, na parachichi mtapewa mpaka mseme basi. Mkikuta zimepikwa kwenye chungu cha Kikisi na maziwa mgando pembeni msiniulize kitu, kaeni chini mle. Mwambie yule mwenye sukari kama yupo kwenye kundi lenu aulize ndizi mbichi za kupika, sio zile zilizoiva.

Kimpumu nayo ipo kwa huyo shujaa wenu. Ni pombe ya ulezi, inakaa kwenye chungu katikati, mnaongezewa maji ya moto, mnanyonya kwa mrija, kwa heshima sio kunyang'anyana. Aende na mwenyeji, asiende peke yake tu kwa sababu amesikia kicheko.

Adabu sasa. Mkifika msiingie mkiwa mmesimama wima mnasema mambo vipi. Wanawake wa huku wakimsalimia mkubwa wanainama au wanapiga magoti kidogo, nyie hamtalazimishwa lakini mkiinama kidogo tu nyumba nzima imeshawakubali. Kushukuru ni ndaga, ukipewa kitu pokea kwa mikono miwili. Na mkiona mke wa mtu ghafla amepotea nyuma ya nyumba mzee alipoingia msiulize kuna ugomvi gani, mkwe na baba mkwe huku wanapishana kwa mila, ingawa kwa vijana wa sasa imelegea sana. Suruali sio kosa kubwa mjini ila kijijini kwa wamama wa umri wenu fungeni vitenge, mtaongea na watu kwa urahisi zaidi.

Msiba ukiwakuta, nendeni. Huku msiba ni wa kijiji chote, ng'ombe anachinjwa, watu wanapika, nyie mkae na wamama mmenye ndizi mtoe rambirambi yenu. Lakini kamera mfukoni kabisa.

Kama miguu ipo kuna Ziwa Ngozi juu kwenye msitu na Daraja la Mungu pale mto Kiwira, ila hayo mtayaona hata kwenye picha, mimi ningewaambia mtumie huo muda kukaa.

afisa_mstaafu

Naongezea upande wa taratibu maana nimefanya kazi vijijini muda mrefu na naona watu wanaruka hili. Kikundi cha watu wanane na gari la kukodi mkiingia kijijini lazima mpite ofisi ya kijiji, muonane na mtendaji au mwenyekiti, mjiandikishe kwenye kitabu cha wageni, mseme mmefikia kwa nani. Ni dakika chache lakini likitokea lolote, mgonjwa, gari kuharibika, simu kuibiwa, kijiji kizima ni chenu. Usipopita utakuta mmekaa vizuri kwa mama fulani halafu kitongoji kinajaa maneno kwamba kuna watu wa madini au wa ardhi wamekuja kupima.

Njia nyingine ni kupitia vikundi vya utalii wa utamaduni, mpango wenyewe ulianza miaka ya 90 kwa Bodi ya Utalii na Waholanzi wa shirika la maendeleo la SNV, na huko Tukuyu vipo. Uzuri wake bei inajulikana na sehemu ya hela inaingia kwenye mambo ya kijiji. Ubaya wake kiongozi akiwaona wageni anaweza kuwaandalia hiyo hiyo shoo, kwa hiyo mwambieni mapema kwa simu kwamba hamtaki ngoma, mnataka jiko.

Kuhusu hela. Kwenye ufundi lipeni kama mnavyolipa fundi. Mama amekaa nanyi tangu asubuhi anawafundisha, hiyo ni siku yake ya kazi imekwenda, mpeni mkononi mwake yeye mwenyewe, sio mume wake, sio aliyewapeleka. Bei ya kikapu au chungu punguzeni kidogo kama kawaida ya soko lakini msimkabe mtu. Kwenye chakula ni tofauti, mtu aliyewakaribisha kwake ukimwuliza "tunadaiwa shilingi ngapi" unamvunja moyo. Hapo mnabeba vitu, sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia, mnamkabidhi mama mwenye nyumba mkiingia, na mkiondoka mnaweza kumwachia bahasha mkisema ya watoto. Majani ya chai msipeleke Tukuyu tafadhali, yanalimwa huko huko.

Picha, ombeni kwanza, na mkiahidi kutuma tumeni. Watu wanaahidi halafu wanapotea, mwaka wa pili mkienda mnakuta milango imefungwa.

mama_kibubu

Jamani nimesoma yote kwa sauti kwenye kikao cha jana, mmesifiwa sana. Tumepiga kura, Juni imeshinda, tutaanzia Iringa katikati ya wiki, kisha Makete, Tukuyu, na Jumamosi asubuhi tuko Lyulilo. Mwenzetu wa ulanzi amesusa nusu saa lakini aliposikia kimpumu na mrija amerudi kwenye kikao. @afisa_mstaafu hilo la bahasha na la kumpa mama mkononi limezua mjadala mrefu, wengine walikuwa wanasema tumpe mwenyeji agawe yeye, tumekubaliana na wewe.

Swali la mwisho kwa @wa_matema. Kila mmoja anataka chungu na wawili wanataka mitungi mikubwa kabisa. Inafika Dodoma hiyo?

wa_matema

Inafika, malori yanavibeba kila wiki. Siku ya soko wahini, ikifika saa nne vile vizuri vimeshapakiwa na wa jumla. Kabla ya kulipa gonga kwa kidole, kinacholia vizuri kimeiva, kinachotoa sauti ya kufifia kina ufa au hakikuchomwa sawasawa. Omba wakufungie kwa majani makavu ya migomba, vidogo vinaingia ndani ya vikubwa, katikati majani tena, halafu viti vya nyuma vya Hiace vilazwe. Msiviegemeze kwenye chuma.

Mkifika nyumbani chungu kipya usikibandike kwenye gesi kikavu, kitapasuka siku hiyo hiyo. Kijaze maji kilale usiku mzima, kesho yake pika uji mwepesi kwa moto mdogo wa mkaa, umwage, ndio uanze maharage yako.

msemakweli77

Na mimi niwekeeni kimoja, nitawatumia hela. Cha wastani.

mama_kibubu

Cha kwako nitakibeba kichwani.